Shubiri Mbili na Nusu

Walipokuja kupima stesheni ya Mwiki
nilishika ncha ya chini ya utepe,
Kilungya msimamizi akashika ya juu,
akasoma tarakimu, akaziandika kwenye kiganja
maana daftari lilikuwa limelowa.
Mimi nilikwisha kupima kwa mkono:
kutoka jukwaa la zamani hadi sakafu ya behewa
shubiri mbili na nusu.

Shubiri hizo nazijua.
Miaka kumi na mmoja nimepanda treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi,
spana mfukoni, kofia ya kazi kwapani,
na kila alfajiri mlango ulijaa mikono.
Hatukujuana majina. Tulijuana viganja:
cha fundi wa saruji, kikwaruzo kama msasa;
cha msichana wa hospitali, kinachonuka spiriti;
cha kijana wa benki, aliyekifuta kwanza kwa leso
ndipo akupe.
Haya mama, moja, mbili,
na mtu mzima na heshima zake
ananyanyuliwa kama gunia la viazi,
anatua ndani akicheka, au akitukana,
sketi imepanda kuliko alivyopenda.

Kazi ilikula masika yote.
Tuling'oa mataruma ya mti, meusi kwa mafuta,
mengine yameoza hata ukiyakanyaga
yanashusha pumzi.
Tukalaza ya zege. Tukamwaga kokoto,
tukaishindilia usiku, saa saba hadi saa kumi,
kwa kuwa mchana treni haiombi njia.
Wambeti alishika taa, mimba ya miezi sita,
wala hakukaa alipoambiwa akae.
Mtoto tulimwita Taruma.
Jina hilo halikupita kwao.

Reli mpya haisemi.
Zamani nilisinzia nikijua Dandora tumefika
kwa kiungo kimoja kibovu:
tatu, kimya, mbili.
Sasa vyuma vimechomelewa, ni mteremko mmoja wa sauti,
na mara mbili nimezinduka Makadara
nikarudi kwa miguu kazini, nikifuata njia
niliyoitengeneza mwenyewe.

Ratiba wameibandika nyuma ya kioo.
Wiki ya kwanza treni ilifika kwa dakika yake,
watu wakachelewa kwa mazoea,
wakaukimbilia mkia wake wakiutukana.
Wiki ya pili watu wakawahi.
Treni ikachelewa.

Jukwaa lilifunguliwa Alhamisi, bila utepe wa kukatwa.
Nilipanda, nikageuka mlangoni, nikanyoosha mkono
kabla sijakumbuka.
Mama Shitakha alikuwa anakuja na gongo lake,
mguu wa kushoto unaburura kama kawaida,
kichwa cha cherehani ndani ya kiondo mgongoni.
Huyo nimemvuta tangu siku ya kwanza alipohamia Mwiki.
Aliutazama mkono wangu,
akaweka gongo ndani, akaweka mguu ndani,
akapita kama mtu anayeingia jikoni kwake,
akakaa dirishani.

Nikamwambia, nusu mzaha,
Siku hizi hutuhitaji.

Akafungua kiondo, akakagua sindano.
Asubuhi moja, jioni moja, akasema, miaka tisa.
Wewe una hesabu za reli, nipigie hiyo:
nimesema asante mara ngapi?
Mlikuwa wazuri. Sisemi hamkuwa wazuri.
Ila nilichoka kushukuru, mwanangu.
Leo nimepanda tu.

Mkono nikautia mfukoni, ukakutana na spana.
Kijana wa benki alikuwa amesimama mlango ule mwingine,
leso yake kavu,
na yule wa saruji hatukumwona; labda
alikuwa behewa la nyuma, nani atajua sasa.

Kati ya jukwaa na behewa imebaki nafasi
ya vidole vitatu. Nimeipima.
Githurai bado. Kule wanapima Jumanne,
nami nimeambiwa nishike
ncha ya chini.